Vijana na Wakongwe: Funzo Kutoka Philadelphia

Hakuna kambi ya jeshi wala kituo cha polisi kisichojua ubishi huu. Upande mmoja wapo askari wakongwe, wenye miaka mingi ya utumishi, ambao huwatazama vijana waliotoka chuoni juzi wakaguna kwamba hawa wa siku hizi wanajua kompyuta lakini hawajui porini kukoje. Upande wa pili wapo vijana, wenye mbio na elimu, ambao husema kwa sauti ya chini, afande anapokuwa hayupo, kwamba wazee wameziba mlango; hawatoki wala hawapishi. Ubishi huo ni wa zamani, na wengi wetu huucheka. Sisi hatuuoni kuwa ni wa kuchekesha. Tunauona kuwa ni miongoni mwa mambo ambayo yakiachwa katika mzaha huja kulipiwa gharama kubwa, na aghalabu anayelipa si yule aliyekosea.

Tumeamua leo kulitazama jambo hili kwa mbali, katika uwanja wa michezo wa ng'ambo, ili kila mmoja wetu alitafakari bila kudhani kwamba anasemwa yeye. Mchezo wenyewe ni besiboli, na timu tutakayoizungumzia ni Phillies, ya mji wa Philadelphia, Marekani. Mchezo huo si mgeni kabisa kwetu hapa Uganda. Mwaka 2012 watoto wetu wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania. Philadelphia ni mji mkubwa kupita yote katika jimbo hilohilo. Tumeichagua timu hiyo kwa sababu moja: katika muda wa miaka 33 ilifika fainali kuu mara tatu, mara ya kwanza ikiwa timu ya vijana, mara ya pili ikiwa mchanganyiko, na mara ya tatu ikiwa timu ya wakongwe. Ni nadra kupata mfano ulio wazi namna hiyo.

Kwa asiyeujua mchezo huu, yatosha kusema machache. Kila upande una wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji huurusha mpira kwa nguvu na hila. Mpigaji wa upande wa pili, mwenye gongo mkononi, hujaribu kuupiga kisha akimbie kuvizunguka vituo vinne, na akivimaliza vyote timu yake hupata bao. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Mchezo una zamu tisa, na pande zikitoka sare huongezwa zamu mpaka mmoja ashinde. Ligi kuu ni mbili, na mabingwa wake hukutana katika fainali, ambapo wa kwanza kushinda michezo minne ndiye bingwa. Lakini jambo kubwa ambalo askari hana budi kulifahamu ni hili: siku hizi kila timu hucheza michezo 162 katika msimu mmoja, karibu kila siku, kwa muda wa miezi sita. Kwa hiyo besiboli hufanana zaidi na operesheni ndefu kuliko na pigano la siku moja. Humo hodari wa siku moja hachukui nafasi ya mvumilivu, na mvumilivu naye mwili humchoka.

Tuanze na mwaka 1950. Phillies wakati huo ilikuwa haijapata kuwa bingwa wa fainali kuu hata mara moja tangu ilipoundwa mwaka 1883. Mwaka huo ghafla likatokea kundi la vijana waliowashangaza watu wote. Mrushaji wao mkuu, Robin Roberts, alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 24. Richie Ashburn, mlinzi wa eneo la kati nyuma ya uwanja, alikuwa na miaka 23. Curt Simmons, mrushaji wa mkono wa kushoto, alikuwa na miaka 21 tu. Walikimbia, walipiga, walicheka, na magazeti ya Marekani yakawapachika jina la sifa kwa ajili ya ujana na umahiri wao. Kipya kinyemi.

Lakini ilipofika Septemba, mwezi wa mwisho, vijana wale wakaanza kupungukiwa na pumzi. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza mwezi Juni, na Simmons, ambaye alikuwa askari wa akiba wa jimbo la Pennsylvania, akaitwa jeshini akiwa amekwisha kuipatia timu yake ushindi mara 17. Hakusita, alikwenda, na hilo sisi tunamsifu. Mrushaji mwingine alipigwa usoni na mpira. Timu iliyokuwa ikiongoza kwa michezo saba siku chache kabla ya mwisho ilijikuta siku ya mwisho inaongoza kwa mchezo mmoja tu, na mchezo uliobaki ni dhidi ya Brooklyn, waliokuwa wakiifuata. Roberts alianza kurusha katika michezo mitatu ndani ya siku tano za mwisho, jambo la kuuchosha mkono wa mtu yeyote. Siku hiyo, tarehe 1 Oktoba, Ashburn aliurusha mpira kutoka nyuma ya uwanja ukamkuta mpinzani akikimbilia bao la ushindi, naye akatolewa. Katika zamu ya kumi Dick Sisler aliupiga mpira nje ya uwanja, nao wakashinda mabao manne kwa moja. Wakawa mabingwa wa ligi yao.

Je, walipofika fainali mbele ya Yankees ya New York ilikuwaje? Walishindwa michezo minne mfululizo. Katika mchezo wa kwanza Roberts alikuwa hoi, na hapakuwa na kijana mwingine wa kutegemewa. Ikabidi mpira apewe Jim Konstanty, mtu wa miaka 33, ambaye mwaka mzima hakuanza mchezo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni kuwaokoa wenzake, na alikuwa amefanya hivyo mara 74. Mkongwe huyo aliruhusu bao moja tu, lakini vijana hawakumpatia lolote, wakashindwa kwa bao hilo. Mchezo wa pili ulimalizwa na Joe DiMaggio wa Yankees, mwenye miaka 35, aliyempiga Roberts mpira wa bao katika zamu ya kumi. Mchezo wa nne ukashindwa na mrushaji kijana wa Yankees, Whitey Ford, mwenye miaka 21. Tunaomba msomaji aliangalie jambo hilo vizuri. Timu iliyowashinda vijana haikuwa ya wazee. Ilikuwa na wakongwe na vijana pamoja, kila mmoja mahali pake.

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Baada ya mwaka huo watu wengi walidhani kwamba vijana wale wangetawala kwa miaka kumi, kwa kuwa walikuwa na umri upande wao. La hasha. Hawakurudi tena fainali. Wenye timu walilewa sifa za kundi lile wakazembea kutafuta wengine wa kuja nyuma yao, na mlango mmoja waliufunga kwa makusudi: Phillies ilikuwa timu ya mwisho katika ligi yao kumchezesha mchezaji mweusi, mwaka 1957, miaka 10 baada ya Jackie Robinson kuanza kuichezea Brooklyn. Vijana wa mwaka 1950 walizeeka pamoja, wakachoka pamoja, na nyuma yao hapakuwa na foleni. Timu ikangoja miaka 30.

Sasa tuje mwaka 1980. Kati ya mwaka 1976 na 1978 Phillies ilikuwa na wachezaji wazuri sana, lakini kila mwaka ilifika mlangoni mwa fainali ikageuzwa. Mwishoni mwa mwaka 1978 wenye timu wakamwajiri Pete Rose kutoka Cincinnati, mtu mwenye miaka 37, aliyekwisha kushinda kila kitu. Hapana budi tuseme hapa kwamba Rose si mfano wa kila jambo, kwani mwaka 1989 alifukuzwa katika mchezo huo kwa sababu ya kamari. Lakini kazini hakuwa mtu wa kutegea. Mwaka 1980, akiwa na miaka 39, alicheza michezo yote 162. Mike Schmidt, aliyekuwa mpigaji bora wa timu hiyo na mwenye wasiwasi wa moyo, alijengwa na maneno na mfano wa mkongwe huyo, na mwaka huo alipiga mipira 48 ya kwenda nje ya uwanja. Steve Carlton, mrushaji wa miaka 35, alishinda mara 24.

Lakini wakongwe peke yao wasingeutwaa ubingwa. Kocha mkuu wa mwaka huo alikuwa Dallas Green, ambaye kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa timu ndogo za kulea vijana. Kwa hiyo aliwajua vijana kwa majina na tabia zao, jambo ambalo makocha wengi hawalijui. Alikuwa mkali. Aliwaambia wakongwe wazi kwamba jina halichezi mpira, na mara kadhaa akawaweka nje baadhi yao akawaingiza akina Lonnie Smith na Keith Moreland, waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa kazi kamili. Wakongwe hawakumpenda. Yeye hakutafuta kupendwa.

Mwezi Septemba mrushaji mmoja mzoefu alipoumia, Green alimwita Marty Bystrom, kijana wa miaka 22 ambaye hakuwa amepata kurusha mpira hata mmoja katika ligi kuu. Kijana huyo alianza michezo mitano mwezi huo akashinda yote mitano. Bila yeye timu isingefika popote. Na baada ya mapambano makali na timu ya Houston, warushaji wakubwa walipokuwa wamechoka, mchezo wa kwanza wa fainali alipewa Bob Walk, kijana wa miaka 23 wa mwaka wa kwanza. Alipigwa mabao sita, lakini hakukimbia. Alidumu mpaka zamu ya nane, kisha akaingia Tug McGraw, mkongwe wa miaka 36, akaulinda ushindi wa mabao saba kwa sita. Hivyo ndivyo mzigo unavyobebwa na watu wawili: kijana hubeba pale penye urefu, mkongwe hupokea pale penye hatari.

Mchezo wa sita wa fainali ulichezwa Philadelphia usiku wa tarehe 21 Oktoba 1980. Katika zamu ya tisa timu ya Kansas City ilikuwa imejaza vituo vyote, na mpinzani mmoja alikuwa amekwisha kutolewa. Polisi waliopanda farasi na wengine wenye mbwa walikuwa wamekwisha kuuzunguka uwanja ili kuwazuia mashabiki wasivamie. Wenzetu wa polisi wataelewa kazi iliyokuwa mikononi mwa askari wale. Mpira ukapigwa juu, karibu na ukingo wa uwanja. Mdakaji Bob Boone, mzoefu wa miaka mingi, akauwahi, lakini ukamponyoka katika glavu. Hapo hapo, mkono ukatokea pembeni ukaunyakua kabla haujagusa ardhi. Ulikuwa mkono wa Rose. Hakuna aliyemwagiza kukimbilia mahali pale. Alikuwa pale kwa sababu miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba hata mtu hodari huponyokwa, na kwamba mwenzake hapaswi kuachwa peke yake. Kisha McGraw akarusha, mpigaji wa mwisho akapiga hewa, na Phillies ikawa bingwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 97.

Laiti hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Lakini sisi tunaamini kwamba funzo kubwa limo katika yale yaliyofuata. Wenye timu walitazama ushindi ule wakajiambia kwamba kilichowapa ubingwa ni uzoefu. Basi, wakasema, tuongeze uzoefu. Mwezi Januari 1982 wakampeleka Chicago kijana mmoja aitwaye Ryne Sandberg, mwenye miaka 22, pamoja na mkongwe mmoja, wakapata mchezaji mmoja wa kuziba pengo la wakati ule. Mwezi Desemba mwaka huohuo wakawatoa wachezaji watano kwa mmoja, na mmoja wa wale watano alikuwa Julio Franco, kijana wa miaka 24 kutoka Jamhuri ya Dominika. Kisha wakawaleta Joe Morgan na Tony Perez, waliokuwa pamoja na Rose huko Cincinnati walipokuwa mabingwa mwaka 1975 na 1976. Mwaka 1983 Rose alikuwa na miaka 42, Perez 41, na Morgan alitimiza 40 msimu ukiendelea. Watu wa Philadelphia wakalichukua jina lile la sifa la vijana wa mwaka 1950 wakaligeuza kidogo, likawa jina la utani la wazee wanaohema.

Tuseme kweli: wazee wale hawakuwa watu wa kudharauliwa. Mwezi Julai kocha wao aliondolewa, na msimamizi mkuu wa timu akaingia mwenyewe kuiongoza. Septemba walichachamaa, wakashinda mara nyingi kuliko wote, wakautwaa ubingwa wa ligi yao. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Lakini fainali ikawakutanisha na timu ya Baltimore. Baada ya kushinda mchezo wa kwanza, walishindwa minne iliyofuata. Katika michezo yote mitano walipata mabao tisa tu. Katika mchezo wa tatu Rose aliwekwa nje, na hakuficha uchungu wake. Katika mchezo wa mwisho mrushaji wao alikuwa kijana, Charles Hudson, mwenye miaka 24. Hawakuweza kumpatia hata bao moja la kumtia moyo.

Na Baltimore ilikuwa timu ya namna gani? Cal Ripken alikuwa na miaka 23, naye mwaka huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Mike Boddicker, mrushaji wa mwaka wake wa kwanza wa kazi kamili, aliushinda mchezo wa pili. Mchezo wa tatu ulihesabiwa kuwa ushindi wa Jim Palmer, mwenye miaka 37, aliyeingia katikati kama mrushaji wa akiba. Palmer huyu ndiye aliyeshinda mchezo wa fainali mwaka 1966 akiwa na miaka 20. Alipokuwa kijana alianzishwa mbele. Alipokuwa mkongwe alikubali kuingia nyuma ya wengine. Tunamtaja kwa makusudi, maana hatujui picha bora zaidi ya utumishi mrefu wenye heshima.

Baada ya fainali hiyo wakongwe watatu wa Philadelphia wakaondoka wote kwa mara moja. Mwaka uliofuata, 1984, timu ilishinda michezo 81 ikashindwa 81, ikawa ya nne katika kundi lake. Na mwaka huohuo mchezaji bora wa ligi nzima alikuwa Ryne Sandberg, akiichezea Chicago. Mwaka 2005 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Ama Julio Franco, kijana aliyetolewa kana kwamba ni chenji, aliendelea kucheza mpaka mwaka 2007, akiwa na miaka 49. Phillies haikufika fainali tena mpaka mwaka 1993. Ubingwa ulirudi mwaka 2008 tu, na mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa Cole Hamels, mrushaji wa miaka 24 aliyelelewa katika timu ndogo za Phillies yenyewe. Mwenzake aliyeanza mchezo wa tatu alikuwa Jamie Moyer, mwenye miaka 45.

Kutokana na habari hiyo ndefu, sisi tunatoa hoja moja. Mizani kati ya vijana na wakongwe haipimwi kwa hesabu ya vichwa, kwamba wawepo wazee wangapi na vijana wangapi. Hupimwa kwa kazi waliyopewa na kwa foleni iliyoko nyuma yao. Timu ya mwaka 1950 ilikuwa na mkongwe mahali pa haja, lakini haikuandaa wa kumfuata mtu yeyote. Timu ya mwaka 1983 ilikuwa na kijana mahali pa haja, lakini ilikuwa imekwisha kuila mbegu. Ile ya mwaka 1980 ilimpa kila mtu kazi inayolingana na alichonacho, na kiongozi wake aliwajua wote.

Kwetu sisi maana yake ni nini? Kwanza, mkongwe asihifadhiwe kwa ajili ya jina. Askari aliyepigana vita anastahili heshima yetu mpaka kaburini, lakini heshima si cheo, wala cheo si malipo ya pensheni. Kumwacha mtu mahali ambapo mwili wake hauwezi tena ni kumwaibisha yeye na kuwahatarisha walio chini yake. Sajini ambaye hawezi tena kuiongoza doria ya siku tatu bado anaweza kuwafundisha kuruta jinsi ya kuiona njia iliyotegwa bomu. Mpelelezi ambaye hawezi tena kumkimbiza mwizi bado anaweza kuketi karibu na inspekta kijana wakati wa kumhoji mtuhumiwa, akamwonyesha lini anyamaze. Hizo si kazi za kumtupa mtu pembeni, kwani Palmer hakutupwa pembeni.

Pili, mkongwe asiondoke na ujuzi wake kichwani. Hili tunalisema kwa uzito. Katika majeshi mengi mtu hustaafu kwa gwaride, hotuba na zawadi, na siku inayofuata anagundulika kuwa ndiye pekee aliyejua tabia ya mzinga fulani, au mto fulani unavuka wapi wakati wa masika, au mzee gani wa kijiji husema kweli. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko usiokwanguliwa hautamshibisha mtu. Tunapendekeza kwamba katika mwaka wa mwisho wa utumishi, kazi ya kwanza ya askari iwe kumkabidhi mtu aliyetajwa kwa jina yale anayoyajua, na kamanda wake aulizwe kama makabidhiano hayo yamefanyika, sawasawa na anavyoulizwa kuhusu silaha zilizorudishwa ghalani.

Tatu, kijana apewe kazi ya kweli kabla hajahitajika kwa dharura. Bystrom alishinda michezo mitano kwa sababu alikuwa amelelewa kwa miaka kadhaa na watu waliojua wanamlea kwa nini. Luteni ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akibeba mafaili tu hatageuka kuwa kiongozi siku kamanda wake atakapojeruhiwa. Na akikosea mara ya kwanza, kama Walk alivyopigwa mabao sita, asivuliwe heshima papo hapo. Asimamishwe, aonywe, apewe mkongwe wa kumpokea.

Tunajua watakaotupinga. Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba kamanda hupimwa kwa ushindi wa leo. Ya kesho atayajua atakayekuja. Watasema pia kwamba wazee wa mwaka 1983 walifika fainali, na kufika fainali si jambo dogo. Hilo la pili tunalikubali. Lakini tofauti kati yetu na wachezaji wale ndiyo inayotia nguvu hoja yetu badala ya kuidhoofisha. Timu iliyomtoa Sandberg ilipoteza michezo. Watazamaji wakaenda nyumbani wakalala. Kikosi kisichoandaa warithi hupoteza watu. Kijana anayekanyaga mahali ambapo mkongwe angemwambia asikanyage hana msimu ujao, na mama yake hataambiwa kwamba kosa lilikuwa la mipango ya utumishi. Kuhusu kamanda wa kupimwa kwa leo peke yake, sisi tunasema kwamba anaazima nguvu ya kikosi cha miaka kumi ijayo bila kumwomba mwenyewe.

Wapo pia vijana watakaoisoma makala hii wakaona tunawatetea, wakasahau nusu yake. Ndugu zetu vijana, someni tena habari ya mwaka 1950. Mbio zilikuwepo, vipaji vilikuwepo, hata ujasiri ulikuwepo. Kilichokosekana ni akiba na mtu wa kuwaambia namna ya kuigawa nguvu katika safari ndefu. Mkongwe akikurudia jambo mara tatu, huenda si kwa sababu amesahau kwamba amelisema. Huenda ni kwa sababu aliwahi kumzika mtu ambaye aliambiwa mara moja tu.

Na kwenu wazee wetu wa kazi, mliovaa sare kabla baadhi yetu hatujajua kusoma, tunasema kwa adabu: kupisha si kushindwa. Mkono wa Rose ulikuwa na thamani kwa sababu mbele yake alikuwepo mwingine aliyeuwahi mpira kwanza. Kaeni karibu na vijana, muwe tayari kuudaka ule utakaowaponyoka. Na siku mnapokabidhi funguo, msiukabidhi mlango peke yake. Mkabidhini pia anayezipokea habari za mlango ule, nani hubisha hodi usiku na kwa sababu gani. Makamanda nao waliangalie daftari la kikosi chao leo hii, wajiulize juu ya kila kazi ya hatari: anayeifanya sasa ni nani, atakayeifanya baada yake ni nani, na je, wawili hao wamekwisha kuonana?